Mistari Mitatu Nyuma ya Kadibodi

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Sifa zangu nazijua. Wapo watu mtaani kwetu wakiniona nafungua mdomo wanaangalia saa, na ile habari ya mbuzi aliyepanda lifti mpaka ghorofa ya saba bado nadaiwa maelezo. Hii si ya mbuzi. Hii naiapia, na kiapo nakiwekea rehani: sebuleni kwangu kuna cheti cha utumishi wa miaka thelathini na moja, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu na kioo cha bei, kile kisichong'aa. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho ofisini kikiwa kizima, maana mgongo niliuacha kule kule. Atakayenikuta na uongo hata wa ukubwa wa ukucha, aje akichukue.

Basi kulikuwa na duka la fremu, na ndani yake mume na mke. Mume alikata mbao na kuziunga, watu wakamwita Fundi. Mke alikata vioo, wakamwita Mama Vioo, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo. Mwanamke yule alikuwa na mkono. Alipitisha kalamu ya almasi juu ya kioo mara moja tu, kioo kikatoa mlio kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, kisha akakigonga kwa kidole na kikaachana pale pale alipokiambia.

Mara mbili alikuwa ameugua. Si tumbo, si malaria. Ni ule ugonjwa ambao watu wakiutaja hushusha sauti na kuangalia mlangoni. Mara ya kwanza alifungwa kwa kamba ya kufungia mizigo ya dukani kwake mwenyewe, akapandishwa kwenye mkokoteni saa ile watoto wanatoka shule, na huko hospitali akapigwa sindano iliyomkakamaza shingo ikatazama begani wiki nzima. Mara ya pili haikuwa mbaya vile, na ndipo alipokutana na nesi wa kliniki, mama mmoja mfupi anayeongea polepole.

Nesi alimwambia, "Leo wewe ni mzima. Andika leo. Siku ukizidiwa, watu wasikisie unachotaka, wasome."

Akaandika kwa mkono wake, kwa kuhudhuria kliniki mara mbili, maana mara ya kwanza alilia wino ukachafuka. Aliandika dalili zake kama fundi anavyotaja vipimo. Nikilala chini ya saa nne, siku tatu mfululizo. Nikiongea bila kituo. Nikianza kukata vioo ambavyo hakuna aliyeagiza. Mkiyaona hayo, nipelekwe kliniki kwa miguu yangu, asubuhi, nikiwa nimevaa viatu. Nisifungwe kamba. Nisipigwe ile sindano ya shingo, nipewe ile nyingine. Halafu akaandika mstari uliomfanya nesi ainue kichwa: nikisema mimi ni mzima, msinisikilize.

"Una hakika na hili?"

"Ninayo. Nikiumwa huwa nalisema kwa sauti nzuri sana. Hata mimi hujiamini."

Nesi akafikiri, akasema gari likiwa na mafuta lazima liwe na breki. Wakaongeza mistari mitatu chini kabisa: Lakini kabla ya yote, shahidi wa pili aniulize kwa utulivu leo ni siku gani, nimelala vipi, na kazi iliyo mezani ni ya nani. Nikijibu sawasawa, niachwe. Chini ya hapo wakasaini mashahidi. Wa kwanza alikuwa Fundi, aliyesaini amesimama kwa sababu aliacha gundi inakauka dukani. Wa pili alikuwa jirani mmoja, mtu mzima, aliyechaguliwa kwa kuwa hakuwa ndugu wa upande wowote na alikuwa na muda.

Wakati wa kuagana nesi alisema karatasi iwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anaweza kuiona haraka. Alimaanisha mlango wa kabati, au droo ya juu. Lakini aliwaambia watu wa fremu.

*

Fundi aliitengeneza usiku ule ule kwa mapenzi yake yote. Alikuwa na fremu nyeusi ya mteja aliyepotea, ilikuwa inamkera kuiona imekaa bure. Karatasi iliizidi kwa vidole vitatu. Fundi wa kweli hakati karatasi ya mtu, kwa hiyo aliikunja chini, akaifichia nyuma ya ile kadibodi nyeupe inayozunguka picha, akapigilia ubao wa nyuma kwa misumari kumi na miwili. Alipoitundika dukani, juu ya meza ya vioo, ilionekana kama cheti cha chuo.

"Ndani ingetosha," mkewe alisema.

"Ndani nani anaiona? Mchana kutwa tuko hapa."

Wateja wakaisoma. Mtu akisubiri picha yake afanye nini tena. Walisoma midomo ikitembea, kisha wakamtazama Mama Vioo mikono, kisha wakauliza kama Fundi mwenyewe hawezi kuwakatia. Dada yake Fundi, ambaye kwa Mama Vioo ni wifi, aliisoma mara nyingi mpaka ikamkaa kichwani. Wifi hakuwa mtu mbaya. Mara ya kwanza ile ndiye aliyefua, akapika, akajibu maswali ya majirani, na tangu siku hiyo alijihesabu kuwa ndiye mlinzi wa zamu. Mama Vioo akicheka kwa nguvu, macho ya wifi yalikwenda ukutani. Akikasirika kwa sababu chumvi imezidi, yalikwenda ukutani. Ikafika mahali mwanamke anacheka kwa kipimo, kama anayekata kioo.

Halafu chuo kimoja kikaleta picha arobaini za wakufunzi wake. Zote zilitakiwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Fundi akasema hakuna shida. Mdomo wake uliahidi, kazi ikaangukia mikono ya mkewe. Jumatatu alikata hadi saa nane usiku, akaamka saa kumi na moja. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo, na sasa alikuwa anaongea huku anapima, anapima huku anaongea, rula, wino, sogeza, hiyo si yangu, hiyo ya mkufunzi mnene, leta nyingine.

Wifi alikuwa amekuja kupika. Jumatano jioni Mama Vioo alimsikia akimnong'oneza mteja mlangoni kwamba msimshangae, dalili zimeanza, hii ni siku ya tatu halali. Mkono ukasimama juu ya kioo. Kwanza alitaka kujibu. Kisha akanyanyua macho kuitazama ile karatasi, akaisoma kama mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu itundikwe akaona kinachokosekana. Mstari wa mwisho unaoonekana ulikuwa ule wa msinisikilize. Baada yake ni kadibodi.

"Fundi," alisema, "ile karatasi uliikunja?"

"Chini pale? Sahihi tu."

"Si sahihi tu. Naomba uifungue."

"Ijumaa ikipita nitakufungulia hata paa la nyumba."

Usiku ule Mama Vioo, alipomaliza kioo cha thelathini na sita, akachukua kipande kilichobaki, akapima karatasi kwa macho, akaongeza vidole vitatu. Akakata kioo cha fremu kubwa zaidi, ili karatasi yake yote ionekane. Akakilaza peke yake mwisho wa meza, akalala kwa saa tatu na nusu tu.

*

Asubuhi ya Alhamisi wifi alivihesabu vioo. Picha zilizopangwa kusubiri vioo vya usiku ule zilikuwa nne. Vioo vipya mezani vilikuwa vitano.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Nani amekiagiza?"

"Hakuna. Nimekata ili..."

Hakumalizia. Alisikia mwenyewe alichosema, na aliona wifi naye amesikia. Dukani kulikuwa na wateja wawili watatu kwenye benchi, mmoja anasubiri cheti chake kipigiliwe misumari, na wote waligeuka kwa pamoja kuangalia ukutani, kama abiria waliosikia jina la kituo chao.

Mama Vioo akapanda kiti akaishusha fremu. Akachukua koleo dogo la kung'olea misumari. Kwa nia yake lilikuwa jambo la dakika mbili. Kwa walioko kwenye benchi alikuwa mwanamke ambaye hajalala, ana chuma mkononi na kioo kifuani. Wifi akaishika fremu upande mmoja. Wakavutana kimya kimya, kwa adabu kabisa, mpaka fremu ikawaponyoka. Kuhusu nani aliyeivunja, nasema tu kwamba mikono ilikuwa minne. Lakini jioni yake mtaa mzima ulijua ilikuwa miwili.

"Fundi, geuza nyuma," alisema. Alijitahidi kuongea taratibu, na ule utaratibu wenyewe ukawaogopesha. "Kuna mistari mitatu. Niulize. Niulize tu leo ni siku gani."

Fundi alikuwa amesimama na nyundo. Alikumbuka kwa mbali kwamba kliniki kulikuwa na habari ya maswali, lakini alikumbuka zaidi mkokoteni, na zile siku ambazo mkewe aliongea kwa utulivu hivi hivi huku akitupa sahani dirishani moja moja. Alitaka kumpata shahidi wa pili. Kwa bahati mbaya shahidi wa pili siku hiyo hakuwepo. Alikuwa amekwenda kupimwa macho, na huko kliniki ya macho foleni mnaijua.

"Mimi ni mzima," alisema Mama Vioo.

Wifi hakupandisha sauti. Aliinama, akaokota karatasi na fremu yake iliyojaa vipande, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Umetuambia mwenyewe, wifi. Mwandiko wako."

Kamba ilikuwa pale pale inapokaa siku zote, chini ya meza, kwa ajili ya mizigo. Mteja mmoja kijana alisaidia upande wa miguu. Viatu hakuvaa.

*

Hospitali, mhudumu wa mapokezi aliikung'uta fremu vipande vikaanguka kwenye pipa, akasoma, akauliza kama ni mgonjwa aliyeandika. Wifi akasema ndiyo, kwa akili zake.

"Imekaa vizuri sana. Wangekuwa wanaleta wote hivi tungepumzika." Akashuka na kidole. "Sindano anayoikataa ndiyo tuliyo nayo. Ile nyingine imekwisha tangu mwezi uliopita."

"Basi hilo liache," wifi akasema. "Fuateni yale mengine."

Mama Vioo akamwambia mhudumu kwamba fremu ina nyuma. Akamwambia kwamba chini ya kadibodi kuna maandishi. Mhudumu alitikisa kichwa kwa upole wa mtu aliyesikia kuta zinaongea, mito inaongea, na leo kadibodi. Mama Vioo akauliza nesi wake yuko wapi, akaambiwa likizo. Akasema tena kwamba yeye ni mzima, na safari hii alijisikia akilisema na papo hapo akajisikia akiliandika, kalamu ile ile, meza ile ile ya kliniki. Hakuna mtu aliyemfunga vizuri kama alivyojifunga.

Siku ya tatu shingo ilianza kugeuka. Akaamua kunyamaza. Kwenye faili wakaandika: amenyamaza, hatoi ushirikiano. Akaamua kuongea. Wakaandika: anaongea sana kuhusu fremu. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mnene aliyekuwa mwalimu, alimwambia asihangaike, humu ndani ukipiga chafya wanaandika.

Fundi alikuja Jumamosi na machungwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwambia kazi ya chuo imepelekwa jana, wamefurahi. Alisema hivyo kama habari njema. Mkewe alimtazama kwa jicho la pembeni, maana lile lingine shingo haikuliruhusu.

"Vinne vilivyobaki nani alivikata?"

"Kuna kijana mmoja nimemtafuta. Kwa muda tu."

"Na kile cha tano?"

Fundi akamenya chungwa.

Nesi alirudi likizo siku ya tisa, Ijumaa. Aliposikia nani yuko wodini aliikuta fremu imeegemezwa chini ya meza ya mapokezi, haina kioo. Akang'oa misumari kumi na miwili kwa ncha ya mkasi. Akaikunjua karatasi, akaenda nayo kitandani, akakaa. Kuuliza haikuwa kazi yake, ilikuwa ya shahidi wa pili, lakini aliuliza.

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Umelala vipi?"

"Saa tisa nzima. Mnanilaza nyie."

"Na kazi iliyo mezani ni ya nani?"

"Ilikuwa yangu," alisema.

Nesi akaandika kwenye faili kwa herufi kubwa. Ila wa kumruhusu mgonjwa ni daktari, na daktari zamu yake ilikuwa Jumatatu. Jumapili, kwa kuwa ilishaandikwa, alipigwa sindano moja zaidi.

*

Alirudi nyumbani na viatu alivyoletewa. Dukani, kwenye kigoda chake, alikuwa amekaa yule kijana wa muda. Kijana akasimama haraka, akampisha, akamsalimu kwa heshima zote. Mama Vioo akachukua kalamu ya almasi, akalaza kipande kidogo cha majaribio, akapitisha. Mkono ulitetemeka, si sana, kiasi cha mtu anayesikia baridi. Kioo hakikutoa ule mlio wake. Alipokigonga kilikatika kwa njia yake chenyewe, akatazama ufa ukikimbia mpaka pembeni. Kijana aliangalia viatu vyake. Na kijana wa muda akabaki.

Ukutani Fundi alikuwa ametundika fremu mpya, pana. Nesi ndiye aliyemrudishia karatasi, na yeye akachukua kile kioo cha tano. "Ulikikata sawasawa," alimwambia, na kwa namna yake alikuwa anaomba radhi. "Hakikuzidi hata uzi. Sasa yote inasomeka."

Ilikuwa inasomeka kweli. Mistari mitatu, na chini yake sahihi mbili. Mama Vioo alisogea karibu, kichwa kimeegemea bega, akaisoma sahihi ya pili kwa muda mrefu.

*

Hapo ndipo nilipoishia kuandika. Kwa kuwa habari ni yake, niliona ni adabu nimpelekee aisome kabla ya watu wengine. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Alisoma kwa kidole, polepole, akacheka kidogo pale kwenye mkufunzi mnene, nami nikavimba kichwa.

"Umeandika vizuri, mzee," alisema. "Mlio wa kioo umeupatia. Ila macho."

"Macho gani, mwanangu?"

"Macho ulipimwa mwezi uliofuata. Nilikuona ukirudi na miwani. Alhamisi ile ulikuwa hapo hapo ulipokaa."

Nikamwambia uzee huu, siku zinachanganyika. Akaziweka karatasi zangu mezani, akazilinganisha pembe.

"Leo ni siku gani, mzee?"

"Jumanne."

"Umelala vipi?"

Nikataka kusema vizuri. "Vibaya," nikasema. "Tangu siku ile."

"Na kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya nani?"

Kijana wa muda aliacha kupima. Fundi naye, kule nyuma, alizima msumeno.

"Ilikuwa yangu," nikasema.

Shahidi wa pili ni mimi. Fundi aliniuliza mbele ya watu, nyundo mkononi: mzee, wewe ulisaini, pale chini kuna kitu zaidi ya sahihi? Na mimi nilikiona cheti changu mezani, fremu yake ya dhahabu imeshaungwa, imebaki misumari minne tu. Nikamwona wifi mtu amechemka. Nikajiambia ugomvi ukianza hapa narudi nyumbani mikono mitupu, na kesho wenzangu wa ofisini wanakuja kukiona. Nikasema, sikumbuki. Wakati wanamtoa mlangoni nilisogeza miguu ili wapite.

Baada ya kumwambia hayo nilikwenda nyumbani, nikakishusha cheti, nikamletea dukani. Mgongo uliniuma njia nzima. Mama Vioo alikigeuza, akang'oa misumari, akakitoa cheti, akakilaza kifudifudi. Mgongoni mwake ni karatasi nyeupe, nzuri, nzito. Akanipa kalamu.

"Andika ulichojibu."

Niliandika neno moja. Nikaweka tarehe ya Alhamisi ile, nikasaini, sahihi ile ile. Akakirudisha kwenye fremu upande huo ukiwa mbele, akapigilia mwenyewe. Misumari miwili ilikwenda upande, akaiacha hivyo hivyo. Akakitundika ukutani, kando ya karatasi yake.

Wateja wanauliza ni nini hicho, mbona neno moja tu kwenye fremu ya dhahabu. Fundi anawaambia mwulizeni mzee. Nami nikipita nataka kuangalia pengine, lakini kile kioo nililipia kisichong'aa. Jua likipiga upande wowote, mwandiko wangu unasomeka mpaka barabarani.